Vishikio, Tripodi na Vifaa vya Kutegemeza Kamera Isiyo na Kioo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini kamera ndogo namna hii ihitaji kishikio cha ziada?

Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, kamera ya kwanza ya aina hii yenye lenzi za kubadilisha, kilichosifiwa zaidi kilikuwa udogo wake. Kuondolewa kwa kioo kinachopinduka kulipunguza kina cha mwili wa kamera, lakini mkono wa binadamu ulibaki na ukubwa uleule. Matokeo yake ni kwamba katika miili mingi midogo kidole cha mwisho hukosa pa kushika, kikabaki kimejikunja chini ya kamera, na kazi yake ikahamia kwenye kidole gumba na vidole vya kati ambavyo tayari vina shughuli ya kubonyeza na kuzungusha.

Lenzi nazo hazikupungua kwa kiasi hicho. Sony α7 III ina uzito wa gramu 650 pamoja na betri na kadi, ilhali lenzi ya FE 70-200 mm f/2.8 GM II, ambayo ni nyepesi kwa lenzi za kundi lake, ina gramu 1,045 bila pete ya kuifungia kwenye tripodi. Lenzi inapokuwa nzito kuliko kamera, kitovu cha uzito huhamia mbele, nje kabisa ya sehemu ambayo mkono wa kulia umeshika, na mkono huo hulazimika kuzuia kamera isiiname badala ya kuibeba tu. Hapo ndipo kishikio kinapoanza kuwa na maana.

Nitajuaje kama tatizo langu ni kishikio, tripodi, au ni kitu kingine?

Ikuze picha iliyoharibika hadi uone pikseli, kisha uangalie ukungu wake umekaaje. Ikiwa kila kitu kwenye picha, hata ukuta, kimeburutwa kuelekea upande mmoja, mkono ndio uliosogea, mara nyingi wakati wa kubonyeza kitufe. Ikiwa kingo zinaonekana mara mbili, kama maandishi yaliyochapishwa yakahama kidogo, huo ni mtetemo, na chanzo chake chaweza kuwa shata yenyewe (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) au kiungo kilicholegea. Ikiwa ukuta uko safi na mtu aliyepita mbele yake ndiye aliyefifia, hakuna kishikio wala tripodi itakayokusaidia. Ongeza kasi ya shata.

Hesabu kidogo hueleza kwa nini lenzi ndefu haina msamaha. Lenzi ya milimita 200 kwenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) cha milimita 36 kwa 24 huona takriban digrii 10 tu kwa upana. Kama upana huo umegawanywa katika pikseli 6,000, mtikisiko wa digrii 0.01, ambao hakuna jicho linaloweza kuuona mkononi, huipaka nukta moja juu ya pikseli zipatazo sita. Mtikisiko huohuo kwenye lenzi ya milimita 24 haufiki hata pikseli moja. Ndiyo sababu mtu anaweza kupiga mandhari kwa miaka bila tripodi na asione kasoro, kisha akanunua lenzi ndefu na kudhani imetoka kiwandani ikiwa mbovu.

Jambo la kukumbuka katika majibu yote yanayofuata ni kwamba kati ya kihisi na ardhi pana mlolongo wa viungo: lenzi na kamera, kamera na kishikio, kishikio na bamba la kukifungia juu ya tripodi, bamba na kichwa cha tripodi, kichwa na miguu, miguu na udongo. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua picha, na fedha inayotumika kuimarisha kiungo kingine hupotea bure.

Ni kishikio cha aina gani kinachofaa mkono wangu?

Funga lenzi yako nzito zaidi, shika kamera kwa mkono wa kulia peke yake, kisha ushushe mkono ukiwa umenyooka kando ya paja kwa dakika tano, huku umevaa mkanda kwa usalama. Ukiona vidole vimejikunja tu kama ndoana na kamera imekaa, kina cha kishikio kinakutosha. Ukijikuta unaibana kamera kwa nguvu, kishikio ni kifupi au ni chembamba mno, na msuli unaobana ni msuli unaotetemeka. Jaribio hili hueleza mengi kuliko kusoma maoni ya watu ambao hujui mikono yao ina ukubwa gani.

Kama kinachokosa nafasi ni kidole cha mwisho tu, suluhisho ni bamba la chini linalorefusha mwili kwa sentimita moja au mbili. Baadhi ya watengenezaji huuza la kwao, kwa mfano Canon EG-E1 ya EOS RP na Sony GP-X1EM ya miili kadhaa ya α7 na α9. Kama tatizo ni kina, yaani uso wa mbele ni bapa na vidole vinateleza, tafuta bamba lenye nundu ya mbele, ambalo hupatikana la alumini, la mbao au lililofunikwa kwa mpira. Nundu ya mbao hupendeza macho, lakini mkono wenye jasho huteleza juu ya mbao iliyopakwa vanishi, na mimi ningechagua mpira kila mara.

Kipo pia kishikio cha kidole gumba kinachoingizwa kwenye reli ya flashi. Ni kidogo, lakini hubadilisha sana namna kamera nyembamba inavyokaa mkononi, kwa sababu gumba hupata mahali pa kusukuma dhidi ya vidole vya mbele. Kasoro zake ni mbili: huwezi kufunga flashi wala maikrofoni hapo, na katika baadhi ya kamera huziba gurudumu la mipangilio lililo nyuma.

Kabla ya kununua bamba lolote, geuza kamera uitazame chini. Mlango wa betri, na katika miili midogo kadi pia, huwa upande huo. Bamba lisilo na uwazi mahali pa mlango litakulazimu kufungua skrubu kila betri inapoisha, na baada ya wiki mbili utaliacha nyumbani.

Kishikio cha betri kina faida gani?

Faida inayotajwa kwanza ni betri mbili badala ya moja. Faida kubwa zaidi, kwa anayepiga picha za watu, ni kitufe cha pili cha shata na magurudumu yake yanayokuwezesha kusimamisha kamera wima bila kuinua kiwiko juu ya kichwa. Kiwiko kinapobaki karibu na mbavu, kamera hutulia.

Usidhani kwamba kila kishikio cha betri kina vitufe hivyo. Nikon MB-N10, iliyotengenezwa kwa Z6 na Z7 za kwanza, iliongeza betri lakini haikuwa na kitufe cha shata, na ilibidi kusubiri MB-N11 ya Z6 II na Z7 II. Kwa upande mwingine, kamera kama Fujifilm X-T5 haina kabisa miunganisho ya kishikio cha betri, ingawa X-T4 iliyoitangulia ilikuwa nayo. Soma orodha ya miili ambayo kishikio kimetengenezewa, herufi kwa herufi, kwa sababu miili miwili inayofanana kwa nje inaweza kutofautiana milimita chache kwa chini.

Vishikio vya kampuni nyingine ni vya bei nafuu na vingi hufanya kazi. Vinapotofautiana ni kwenye mambo usiyoyaona dukani: mihuri ya kuzuia maji na vumbi, ubora wa miguso ya umeme, na namna amri inavyofika kwenye kamera. Vingine hutegemea waya mfupi unaochomekwa ubavuni, na waya huo ukikatika, kitufe cha wima kimekufa.

Iko gharama moja ambayo husahaulika. Kishikio cha betri ni kiungo kimoja zaidi kwenye ule mlolongo, nacho hushikiliwa na skrubu moja tu. Kamera ikiwa juu ya tripodi pamoja na kishikio, bonyeza lenzi kwa kidole kimoja taratibu na utazame mwanya kati ya kamera na kishikio. Mara nyingi utauona ukifunguka na kufunga. Kwa picha za sekunde kadhaa ninakivua kishikio na kufunga kamera moja kwa moja kwenye bamba.

Skrubu za tripodi zote ni za kipimo kimoja?

Karibu zote. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, na skrubu kubwa ya inchi 3/8 hutumika zaidi kati ya miguu na kichwa; vipimo vyote viwili vimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222. Kinachohitaji uangalifu ni urefu. Sony, kwa mfano, huonya katika miongozo ya kamera zake kwamba skrubu iwe fupi kuliko milimita 5.5, kwa kuwa iliyo ndefu zaidi haitaifunga kamera vizuri na inaweza kuiharibu kwa ndani. Skrubu ikigoma kabla bamba halijagusa kamera, usiilazimishe.

Bamba la Arca-Swiss ni nini, na linaingiliana na kila kichwa?

Ni bamba lenye kingo mbili zilizochongwa kwa mshazari, linaloteleza ndani ya taya za kichwa na kubanwa. Jina ni la kampuni iliyoanzisha umbo hilo, na wengine walilifuata kiasi kwamba limekuwa kama kiwango bila kuwahi kuandikwa kuwa kiwango. Upana wake ni takriban milimita 38, na neno "takriban" ndilo lenye matatizo. Taya zinazobanwa kwa kuzungusha kifundo hukubali tofauti ndogo za upana, ilhali taya za wenzo, ambazo hufunguka na kufunga kwa umbali uleule daima, zinaweza kulibana bamba la kampuni moja barabara na la kampuni nyingine likabaki linacheza. Ukiwa na mabamba ya watengenezaji mbalimbali, chagua kifundo.

Mabamba ya mifumo mingine, kama lile la Manfrotto 200PL, hayaingii kwenye taya za Arca-Swiss. Amua mfumo mmoja mapema na uubakie. Bamba zuri lina ukingo mdogo nyuma unaoegemea mwili wa kamera ili lisizunguke kwenye skrubu. Bila ukingo huo utakaza hadi vidole viume na bado lenzi ndefu italizungusha.

Je, bano la umbo la L lina thamani ya fedha yake?

Ni bamba lenye mikono miwili, mmoja chini ya kamera na mwingine ubavuni. Kwa anayepiga wima juu ya tripodi, ndiyo, na ningelinunua kabla ya kubadilisha miguu. Bila bano hilo, kuigeuza kamera wima humaanisha kulaza kichwa cha tufe, kinachozunguka kama mpira ndani ya kikombe, kwenye ule mwanya wake wa pembeni. Uzito wote huning'inia nje ya miguu, tripodi inaelekea kuegemea upande mmoja, na kamera inataka kujizungusha kwenye skrubu yake kwa uzito wa lenzi. Juu ya hayo, fremu uliyokuwa umeipanga imehama na unaanza upya. Ukiwa na bano, unaichomoa kamera, unaigeuza na kuirudisha, nayo inabaki juu ya kitovu cha miguu.

Angalia mkono wa pembeni wa bano usizuie skrini inayofunguka ubavuni wala milango ya waya. Mabano mengi mazuri yana mkono unaosogezwa nje kidogo kwa ajili hiyo.

Nichague tripodi kwa kuangalia uzito inaoweza kubeba?

Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni kiashiria dhaifu, kwa sababu kila kampuni huupima kwa njia yake, na kubeba si sawa na kutulia. Tripodi inaweza kubeba kilo 8 bila kuvunjika na ikatetemeka kama unyasi ikiwa na kilo 2. Kama huna kipimo kingine, chagua iliyoandikwa mara mbili au tatu ya uzito wa vifaa vyako.

Kipimo bora ni cha mkono. Fungua miguu yote, shika sehemu ya juu inapofungwa kamera, ujaribu kuizungusha kulia na kushoto. Miguu myembamba itajipinda na kurudi kama chemchemi. Kisha angalia idadi ya vipande: mguu wa vipande vitano hukunjika ukawa mfupi wa kubebeka, lakini kipande chake cha mwisho huwa chembamba mno na una viungo vinne vya kulegea, wakati ule wa vipande vitatu una viwili. Unapoutumia mguu wowote, fungua vipande vinene kwanza na kile chembamba kiwe cha mwisho.

Nguzo ya katikati ni ya dharura. Ukiipandisha, umefunga kamera juu ya mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu.

Alumini au nyuzi za kaboni?

Kaboni ni nyepesi zaidi, huua mtetemo upesi na haigandishi mikono wakati wa baridi. Alumini ni nafuu, na ikigongwa hubonyea, ilhali kaboni ikigongwa vibaya hupasuka. Anayetembea na tripodi mgongoni siku nzima atalipia kaboni na hatajuta. Wa studio hana sababu ya kuilipia.

Tripodi iwe na urefu gani?

Hesabu kuanzia machoni, si utosini. Mtu wa sentimita 170 ana macho yaliyo kwenye sentimita 158 hivi. Ondoa sentimita 10 za kichwa cha tripodi na nyingine 8 au 9 kutoka chini ya kamera hadi kitazamio, na miguu ya sentimita 140, bila kupandisha nguzo, inamtosha kwenye ardhi tambarare. Kwenye mteremko utahitaji zaidi, kwa kuwa miguu miwili huelekezwa bondeni. Hata hivyo, kamera hizi nyingi zina skrini inayoinuka, na anayeridhika kutazama kutoka juu anaweza kununua tripodi fupi, nyepesi na imara kuliko jirani yake.

Nichukue kichwa gani?

Kichwa cha tufe kwa kazi ya jumla, kwa sababu ni chepesi na hufungwa kwa kifundo kimoja. Kichwa cha mihimili mitatu kwa majengo na bidhaa, ambako unataka kurekebisha mlalo bila kuharibu wima. Kichwa cha mafuta, ambacho mafuta yake ya ndani hulainisha mwendo, kwa video. Lenzi kubwa za ndege na wanyama huhitaji kichwa cha bembea, ambacho huning'iniza lenzi kwenye kitovu chake cha uzito hadi ikasogezwa kwa kidole. Unapojaribu kichwa cha tufe, lenga kitu, kaza, na uone kama fremu inashuka baada ya kuachia mkono. Kinachoshuka kila mara kitakukera miaka yote utakayokuwa nacho.

Lenzi nzito nifunge kwa kamera au kwa pete yake?

Kama lenzi ina pete yenye mguu, funga kwa mguu huo. Kamera itaning'inia nyuma kama kiambatisho, uzito utakuwa katikati ya tripodi, na pete itakuruhusu kugeuza wima bila bano lolote.

Je, nizime mfumo wa kutuliza picha kamera ikiwa juu ya tripodi?

Miongozo mingi hushauri hivyo, kwa kuwa mfumo unaosubiri mtikisiko usiokuwepo unaweza kukisogeza kihisi wenyewe wakati wa picha ndefu. Baadhi ya kamera na lenzi za sasa hutambua tripodi na kujirekebisha. Piga picha mbili za sekunde 2, moja ikiwa umewasha na nyingine umezima, ukuze, na kamera yako itakujibu. Kwenye upepo mkali, tripodi ikitikisika, kuuacha umewashwa kunaweza kusaidia.

Weka pia kipima muda cha sekunde 2, na tumia pazia la kwanza la kielektroniki, yaani mpangilio unaoanza picha bila shata kusogea. Kamera hizi hazina kioo cha kupiga kelele, lakini shata yao ya kimakanika ina mshtuko wake, unaoonekana zaidi kwenye kasi za karibu 1/100 ya sekunde.

Monopodi na gimbali zinafaa nani?

Monopodi, yaani mguu mmoja wa kuegemeza kamera, humfaa mwenye lenzi nzito anayehamahama, kama wapiga picha za michezo. Huondoa uzito mikononi na kuzuia kamera kupanda na kushuka. Kuyumba kwa pembeni kunabaki juu yako.

Gimbali, yaani kishikio chenye mota zinazoisawazisha kamera, ni ya video ya kutembea. Zingatia uzito wa kamera pamoja na lenzi, bamba na maikrofoni, kisha uache nafasi, kwa sababu mota zinazofanya kazi ukingoni hutetemeka na kumaliza betri. Sawazisha mihimili yote mitatu kabla ya kuiwasha, na usawazishe tena ukibadilisha lenzi. Gimbali hurekebisha kuinama na kugeuka, lakini haiondoi mdundo wa hatua zako kwenda juu na chini. Huo unaondolewa na magoti yaliyokunjwa kidogo.

Mikanda inayofungwa kwenye tundu la tripodi ni salama?

Ni ya starehe, na ndiyo iliyoniangushia kamera. Nilikuwa nimetembea nayo ikining'inia kiunoni asubuhi nzima, na kila hatua ilikuwa ikiizungusha kidogo, hadi skrubu ikajifungua yenyewe. Nilishika mkanda, nikasikia kishindo. Tangu siku hiyo natumia mkanda unaofungwa kwenye pete mbili za juu ya kamera, na ninapolazimika kutumia tundu la chini naongeza kamba fupi ya akiba kwenye pete moja.

Kamera ikiwa juu ya tripodi kwenye upepo, uvue mkanda kabisa. Unapopepea huitikisa kamera kama bendera inavyoutikisa mlingoti. Mkoba unaoning'inizwa chini ya nguzo ili kuongeza uzito nao uguse ardhi kidogo, la sivyo utabembea na kuharibu kile ulichotaka kukituliza.

Vifaa hivi vitunzwe vipi?

Baada ya maji ya chumvi au mchanga, suuza miguu kwa maji safi, fungua vifungio vya kuzungusha, futa mifuo ya skrubu zake, uache vikauke, kisha paka grisi kidogo kabla ya kukunja. Tufe la kichwa halipakwi grisi wala mafuta, kwa kuwa linashikilia kwa msuguano. Kitambaa kikavu kinatosha. Beba ule ufunguo mdogo wa pembe sita unaokuja na bamba, na ukaze skrubu zote mwanzoni mwa kila safari, ukianzia na ile iliyo kati ya kichwa na miguu, kwa sababu ndiyo isiyoonekana na ndiyo inayolegea bila kelele.